Tunasafirisha Maji Kwenda Pugu

Wakazi wa Dar es Salaam wana maneno mawili ya mahali pa kutupia taka, jalala na dampo, na sehemu kubwa ya historia ya taka za mji huu imo kati ya maneno hayo. Jalala lilikuwa nyuma ya nyumba, hatua chache kutoka jikoni. Palimwagwa machicha ya nazi, maganda ya mihogo, majivu, magamba ya samaki. Kuku walipekua mchana kutwa, mbuzi wa jirani akajipatia maganda ya ndizi, na masika yalipokatika paliota mpapai ambao hakuna aliyeupanda, tena wenye mapapai makubwa kuliko ya shambani. Dampo lilikuja na lori. Halitakiwi kuwa nyuma ya nyumba ya mtu yeyote, na mwenye nyumba hajui kinachotendeka huko. Anachojua ni kuwa asubuhi fulani gari litapita, au halitapita. Sina nia ya kulipamba jalala. Lilifuga panya na mainzi, na mji wa watu 5,383,728, kama sensa ya 2022 ilivyowahesabu, hauwezi kuishi kwa majalala ya uani. Lakini jalala lilijua jambo ambalo dampo limelisahau: uchafu wa jikoni ni kitu kinachooza, na kila kinachooza kina wa kukila.

Kumbukumbu ya dampo, kwa upande wake, ni kumbukumbu ya kuhamahama. Kwa miaka mingi taka za mji zilimwagwa Tabata, karibu kabisa na makazi ya watu, zikifuka moshi na kunuka, hadi wakazi walipoishitaki halmashauri ya jiji mwaka 1988. Mahakama Kuu iliwapa haki. Jaji Lugakingira alilitazama shauri lile kwa jicho la katiba, akalihusisha na haki ya mtu kuishi. Jiji likageukia Kunduchi Mtongani. Huko nako wakazi, 795 kwa idadi yao katika shauri, walikwenda mahakamani wakalizuia. Taka zikaenda Vingunguti, zikatoka Vingunguti zikaenda Mtoni, zikatoka Mtoni zikaishia Pugu Kinyamwezi, kiasi cha kilomita 30 kutoka katikati ya mji. Kila uhamisho ulikuwa jibu la swali lilelile: tutupe wapi? Swali hilo si baya, na kila mji lazima uliulize. Lakini mtu akihama nyumba tano kwa sababu ya harufu, na harufu ikamfuata kote, inafaa siku moja afungue mizigo yake aone amebeba nini.

Tuifungue basi. Zaidi ya nusu ya uzito wa taka za miji yetu ya Afrika Mashariki ni vitu vinavyooza, na penye masoko kiasi hicho hupanda zaidi. Simama Mabibo, soko ambalo watu wa mji wamelibatiza Mahakama ya Ndizi, au Ilala, au Buguruni, au Temeke Stereo, malori ya usiku yanapomaliza kushusha. Kinachobaki chini ni vikonyo vya mikungu, majani ya mgomba yaliyofungia mizigo, majani ya nje ya kabichi, nyanya zilizopasukia njiani, maganda ya machungwa na matikiti yaliyoanza kuchacha. Kabichi, nyanya na tikiti ni maji kwa zaidi ya asilimia 90 ya uzito wake, na ganda bichi la ndizi haliko mbali na hapo. Lori likibeba tani saba za taka za soko, tani tano na ushei kati ya hizo ni maji. Tunanunua dizeli, tunamlipa dereva na utingo wake, tunakaa foleni Tazara, tunapita Ukonga na Gongo la Mboto, ili twende kumwaga maji Pugu.

Gharama ya safari hiyo haiishii kwenye dizeli. Kadiri dampo linavyokuwa mbali ndivyo lori moja linavyofanya safari chache kwa siku, na kadiri safari zinavyopungua ndivyo lundo linavyolala sokoni. Hapo ndipo huja lawama za kila mwaka kwamba wananchi ni wachafu. Desemba 9, 2015 Rais Magufuli alifuta sherehe za Uhuru akashika fagio, na nchi nzima ikafagia. Siku ile ilithibitisha kuwa mikono ipo na nia ipo. Ilionyesha pia, kwa aliyetazama siku zilizofuata, kwamba kufagia ni kukusanya tu, na kwamba lundo lililokusanywa vizuri bila gari la kulibeba hurudi mtaroni kwa mvua ya kwanza.

Maji yale hayatulii hata yakishamwagwa. Taka mbichi zikirundikwa pasipo hewa, vijidudu vinavyoishi bila oksijeni huzichachusha na kutoa methani, gesi ambayo kwa kipindi cha miaka 100 huongeza joto la dunia kiasi cha mara 28 kuliko uzito uleule wa hewa ya ukaa. Ndiyo gesi inayolisha mioto ya dampo inayofuka siku nyingi bila kuzimika. Maji meusi yanayochuruzika chini, yakiwa yamekwisha kupita kwenye betri na makopo ya dawa, hutafuta bonde. Na mlima wenyewe ukilowa hulegea. Machi 11, 2017 mlima wa taka wa Koshe, Addis Ababa, uliporomoka ukaua zaidi ya watu 110. Agosti 10, 2024 ilikuwa zamu ya Kiteezi, dampo la Kampala lililofunguliwa mwaka 1996: baada ya mvua kubwa liliteleza likafunika nyumba, na zaidi ya watu 30 wakafa. Kampala na Addis Ababa zina wahandisi wazuri kama wetu. Pale Mtoni kulikuwa na mradi wa kuvuna gesi ya dampo na kuzalisha umeme, uliosajiliwa chini ya utaratibu wa Itifaki ya Kyoto. Nauheshimu ujasiri wa jaribio lile, lakini dampo lisilo na sakafu wala kifuniko huvuja kila upande, na kuikimbiza gesi ikishatoka ni kuteka maji kwa pakacha. Njia rahisi ni kutoipeleka taka mbichi dampo.

Hoja yangu ni nyembamba, na nimeipunguza kwa makusudi. Sisemi kila nyumba ya Dar es Salaam iwe na ndoo tatu kuanzia kesho. Nasema taka zinazooza za masoko zitenganishwe palepale sokoni, zisipande lori la dampo, zifanyiwe kazi karibu na soko kadiri inavyowezekana. Na kazi hiyo ipimwe kwa safari za lori zilizookolewa badala ya mifuko ya mboji iliyouzwa. Sehemu hiyo ya mwisho ndiyo ninayoishikilia zaidi, maana miradi mingi ya mboji hufia hapo.

Nitaambiwa kwanza kwamba watu wetu hawatenganishi taka. Jibu la haraka ni mifuko ya plastiki. Juni 1, 2019 ilipigwa marufuku Tanzania Bara, na muuza nyanya ambaye jana yake alifunga fungu kwenye rambo akapata njia nyingine. Lakini jibu hilo ni la haraka mno, na mpinzani makini ataliona tobo lake: mfuko ulizuiwa kiwandani na mpakani, ilhali kutenganisha taka ni kazi ya kila siku, ya kila mkono, bila askari wa kuisimamia. Nakubali. Ndiyo maana naanzia sokoni. Nyumbani ganda la chungwa hukutana na nepi, betri na wembe katika kiroba kimoja. Sokoni muuza ndizi hatoi kitu kingine ila mabaki ya ndizi, na muuza kabichi vivyo hivyo; taka zake zimekwisha kutengana kwa asili ya biashara yake. Anayezichanganya ni koleo la mzoa taka, anayesukuma kila kitu pamoja hadi kwenye kizimba kwa sababu mkataba wake haumtaki afanye vinginevyo. Tena utenganishaji upo tayari mjini, tumekuwa tukiutazama bila kuuona. Makombo ya mama lishe na ya mahoteli huwekwa kwenye ndoo yake, na mfugaji wa nguruwe huja kuyachukua kwa pikipiki kabla hayajachacha. Chupa za plastiki, vyuma chakavu na maboksi haviamkii kwenye kizimba. Watu hutenganisha chochote chenye mwenyewe wa kukifuata. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 iliziwekea halmashauri wajibu juu ya taka ngumu, na Kenya kwa sheria yake ya taka ya 2022 imekwenda mbali zaidi, ikimtaka kila mtu atenganishe taka kwenye chanzo. Sheria hizo ni nzuri. Ndoo ya makombo imezitangulia.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, nami sitalipita juu juu: mboji hailipi. Anayesema hivyo kwa kawaida amefanya hesabu. Mfuko wa kilo 50 wa urea una asilimia 46 ya nitrojeni, yaani kilo 23. Mboji nzuri ina asilimia moja hadi mbili. Ili mkulima apate nitrojeni ileile kwa mboji atahitaji zaidi ya tani moja, pengine mbili, na nitrojeni hiyo itatoka polepole, msimu baada ya msimu. Hakuna mtu mwenye akili timamu atakayepakia mboji ya Buguruni kuipeleka Mbozi kushindana na mfuko wa ruzuku. Waliouza mboji kwa kuiita mbolea mbadala wamewaponza wenzao wote, kwa kuwa mkulima akiitumia kama urea na mahindi yakabaki ya njano, harudi tena.

Lakini mboji ina kazi nyingine. Udongo wa pwani yetu, kuanzia Mkuranga hadi Kibaha, kwa sehemu kubwa ni mchanga. Maji hupita kama kwenye chekecheo, na mbolea ya dukani hupita nayo. Mboji hushika maji, hushika mbolea, hulipa shina mahali pa kukaa. Wanaolijua hilo bila kuhubiriwa ni wauza miche na maua wa kando ya barabara zetu, wanaonunua udongo na samadi kwa kiroba mwaka mzima, na walima mchicha na matembele wa pembezoni mwa mji, ambao shamba lao halipumziki. Hilo ni soko dogo, lakini liko umbali wa safari ya guta. Dhaka, mji mkuu wa Bangladesh, taasisi ya Waste Concern iliyoanzishwa mwaka 1995 ilitengeneza mboji kwenye vituo vidogo vya mitaani, na ilipotaka kuiuza kwa wingi ilipitia kampuni ya mbolea iliyokuwa tayari na mawakala vijijini, badala ya kusimama sokoni na mizani yake. Mtengeneza mboji si lazima awe mchuuzi pia.

Hata hivyo, tuseme mboji haikuuzwa hata kiroba kimoja. Je, kazi imepotea? Hapa ndipo hesabu zetu zinapokaa upande. Tunaidai mboji ilipe mishahara, majembe, kodi ya ardhi na maji, na ikishindwa tunatangaza kuwa mradi umekufa. Dampo hatulidai chochote. Hakuna aliyewahi kuuliza Pugu imeuza nini mwaka huu. Kila lori linaloingia pale ni hasara tuliyokwisha kuikubali, imo kwenye bajeti, na hakuna anayeiita hasara. Sasa chukua lundo la taka za soko, lichanganye na majani makavu au maranda ya mbao kwa kadiri ya sehemu 25 hadi 30 za kaboni kwa moja ya nitrojeni, liache unyevu wa kitambaa kilichokamuliwa, lipindue lisikose hewa. Ndani ya siku chache litafika nyuzi 55 za sentigredi na kupita, joto linaloua vijidudu vya maradhi na mbegu nyingi za magugu, na joto hilohilo huyafukuza kama mvuke yale maji tuliyokuwa tukiyasafirisha. Baada ya miezi miwili hadi mitatu nusu ya uzito, au zaidi, imetoweka hewani bila lori. Hiyo ndiyo mali ya kwanza ya mboji. Kinachobaki chini, cheusi na chenye harufu ya msitu, ni bakshishi.

Harufu na ardhi ni pingamizi la tatu. Harufu mbaya ni dalili ya lundo lililokosa hewa. Lundo linalopinduliwa halinuki kama kizimba cha soko kinavyonuka leo, na hilo anaweza kulihukumu yeyote mwenye pua. Ardhi ni tatizo la kweli. Kariakoo haina nafasi ya lundo, tusidanganyane. Lakini Mabibo si Kariakoo, wala Buguruni si Kariakoo, na penye ufinyu kuna njia ya funza. Nzi chuma, yule mweusi mwembamba asiyeng'ata wala kuvamia chakula cha watu, hutaga mayai, na funza wake hula taka mbichi kwa takriban wiki mbili kwenye masinia yaliyopangwa kama vitanda vya bweni. Tani moja ya taka huweza kutoa kati ya kilo 100 na 200 za funza wabichi, chakula cha kuku na samaki. Arusha na Nairobi kuna kampuni zinazoishi kwa kazi hii. Kwa nchi inayosaga dagaa kulisha kuku huku watu wakiwatafuta dagaa haohao kwa mboga, funza si mzaha.

Wengine husema tuchome tu, tupate umeme. Addis Ababa ilizindua kiwanda cha Reppie mwaka 2018 jirani na Koshe, na wajumbe wa miji mingi wamekitazama kwa hamu. Sina ugomvi na tanuri. Ila tanuri lina ugomvi na tikiti: moto hautoi umeme mpaka umemaliza kukausha maji, na taka zetu ni mbichi kuliko za Ulaya ambako teknolojia ile ilikulia. Anayetaka tanuri kwa dhati atakuwa wa kwanza kuunga mkono kutenganisha taka mbichi.

Mifano ya nyumbani ipo, na inafundisha kwa mafanikio yake na kwa mipaka yake. Manispaa ya Kinondoni, kwa ushirikiano na Hamburg, mji dada wa Dar es Salaam tangu 2010, ilijengewa kituo cha mboji Mabwepande chenye uwezo wa tani 50 za taka za masoko kwa siku. Kimethibitisha kuwa taka za masoko yetu zinaweza kugeuzwa mboji kwa kiwango kikubwa na kwa mikono ya watu wetu. Mpaka wake ni ramani: Mabwepande iko ukingoni mwa mji, na taka bado hupanda lori na maji yake. Bonyokwa wamechukua njia nyingine. Huko shirika la Nipe Fagio limesaidia kuunda ushirika wa wakusanya taka wanaopita nyumba kwa nyumba, na taka hutenganishwa na kufanyiwa kazi ndani ya kata. Ni kidogo, ni polepole, kunahitaji kuelimisha kaya moja baada ya nyingine. Lakini mzigo hausafiri. Ningelazimishwa kuchagua, ningechukua teknolojia ya Mabwepande niitawanye kwa umbali wa Bonyokwa.

Lipo pingamizi moja ambalo halisemwi vikaoni ila mitaani husemwa: je, mzoa taka atakula wapi? Mwenye mkokoteni au kirikuu hulipwa na kaya ili uchafu uondoke machoni, na akikosa mafuta ya kufika mbali huutua kwenye mtaro wa kwanza penye giza. Namlaumu, lakini kwa sauti ndogo, maana tumempangia kazi ambayo ukiifanya kwa uaminifu unafilisika. Kituo cha karibu humfupishia njia. Mkandarasi wa soko ndiye mgumu zaidi, hasa penye mkataba unaolipa kwa safari au kwa tani: huyo hupenda tikiti lililolowa kuliko sisi sote. Mpaka mkataba ubadilike, hakuna semina itakayombadilisha.

Na mikataba hubadilika kwa tarehe inayojulikana. Mwaka wa fedha wa halmashauri huanza Julai 1, na masharti ya kuzoa taka za masoko huandikwa kabla ya hapo. Waheshimiwa madiwani wa kata zenye masoko makubwa, ongezeni kifungu kimoja: taka zinazooza zikusanywe peke yake, na atakayezipeleka kwenye kituo cha mboji au cha funza alipwe kwa kila tani kile ambacho halmashauri ingetumia kuipeleka Pugu.